Pikapu Mbele ya Nyumba Yako: Chama cha Wamiliki Kinapata Wapi Nguvu ya Kuikataza?

Karatasi ilikuwa ya rangi ya chungwa, imebanwa chini ya waipa ya kioo cha mbele. Juu pana picha ya gari iliyopigwa saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, namba zikisomeka vizuri. Chini yake mistari mitatu: gari la biashara limeonekana mbele ya nyumba; ni kinyume cha masharti ya mtaa; liondolewe ndani ya siku kumi, la sivyo faini itaanza kuhesabiwa kila siku.

Mwenye gari ni fundi umeme, mtu wa Tanga, anayeishi na familia yake katika kitongoji kimoja kaskazini ya Dallas, jimbo la Texas. Nyumba walikuwa wameinunua miezi minne tu kabla. Alinipigia simu, na salamu hazijaisha akaniambia: "Kaka, njoo tuisome hii barua. Nyumba yangu, gari langu, nimeegesha kwangu. Kosa liko wapi?"

Swali hilo nimelisikia kwa Waswahili kadhaa waliohamia Marekani wakajikusuru mpaka wakapata nyumba. Ni swali la haki kabisa, na jibu lake lina matabaka. Tuyafunue moja moja.

Barua iliandikwa na chama cha wamiliki wa nyumba, kile ambacho watu wetu wa huku wanakiita kwa herufi zake tatu, HOA. Mtu aliyekulia Tanzania huwa anakifananisha na balozi wa nyumba kumi au serikali ya mtaa, na hapo ndipo anapoanza kupotea. Balozi anakuja mlangoni, anabisha hodi, mnaongea, mnayamaliza. Mwenyekiti wa mtaa ana muhuri wa serikali nyuma yake. Chama cha wamiliki hakina uso wa balozi wala muhuri wa mwenyekiti. Nguvu yake yote imo ndani ya hati moja iliyolala kwenye masijala ya ardhi ya kaunti, na hati hiyo mara nyingi iliandikwa kabla tofali la kwanza la nyumba yako halijawekwa.

Inakwenda hivi. Kampuni ya ujenzi inanunua shamba kubwa, inalikata viwanja mia mbili au mia tatu. Kabla haijauza hata kimoja, wanasheria wake wanaandika tamko la masharti: nyumba zipakwe rangi zipi, uzio uwe wa kimo gani, majani yasizidi urefu gani, magari gani yasionekane barabarani. Tamko linasajiliwa. Kuanzia siku hiyo masharti yanashikamana na ardhi yenyewe. Wewe unayenunua mwaka 2024 kutoka kwa mtu aliyenunua mwaka 2009 kutoka kwa mtu aliyenunua mwaka 1996 unayapokea masharti yaleyale, uwe umeyasoma au hukuyasoma. Kununua kwenyewe ndiko kukubali.

Wazo hilo ni la zamani na lina asili ya Uingereza. Mwaka 1848 mahakama ya London iliamua kesi ya bustani ya Leicester Square. Mwenye bustani aliiuza kwa ahadi kwamba ibaki wazi, isijengwe. Ikapita mkono hadi mkono, mpaka ikafika kwa mtu aliyetaka kujenga, akidai kwamba ahadi ile hakuitoa yeye. Mahakama ikamwambia: uliijua ahadi wakati unanunua, basi inakufunga. Miaka tisini baadaye, mwaka 1938, mahakama ya juu kabisa ya jimbo la New York ikakubali kwamba chama cha wamiliki kinaweza kumdai ada hata aliyenunua baadaye, ingawa chama chenyewe hakimiliki kiwanja jirani. Kuanzia miaka ya 1960, vitongoji vya aina hiyo vikaongezeka kwa kasi. Leo Wamarekani takriban milioni 75 wanaishi chini ya vyama vya namna hii.

Kuna jambo jingine kuhusu hati hizi ambalo sipendi kulipita kimya. Kwa miongo mingi ya karne ya 20, hati za aina hiihii zilitumika kuandika kwamba nyumba isiuzwe wala kukodishwa kwa mtu mweusi. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema mwaka 1948, katika kesi ya Shelley v. Kraemer, kwamba mahakama haziwezi kusimamia sharti kama hilo, na sheria ya makazi ya mwaka 1968 ikaupiga marufuku ubaguzi huo katika kuuza na kupangisha nyumba. Sisemi kwamba sharti la pikapu ni sawa na lile. Ninachotaka msomaji akione ni kwamba karatasi hii inabeba chochote alichoandika mwandishi wake, mpaka sheria kubwa zaidi iseme hapana.

Sasa, kwa nini pikapu? Masharti mengi tunayokutana nayo yana asili katika miaka ya 1960, 1970 na 1980. Wakati huo gari la familia lilikuwa gari dogo la saluni, na pikapu ilikuwa chombo cha shambani na cha fundi. Pikapu ikilala mbele ya nyumba ilimwambia mpita njia kwamba hapa anakaa mtu anayefanya kazi kwa mikono yake. Wajenzi waliamini kwamba wanunuzi wenye fedha wasingependa kuona hivyo, na kwamba bei za nyumba zingeshuka. Wakaandika: malori yasiegeshwe mahali panapoonekana kutoka barabarani. Katika Kiingereza cha Marekani neno la lori linaibeba pikapu ndani yake, kwa hiyo zote zikaingia kwenye kapu moja, ile ya kubeba nyasi na ile ya kumpeleka mtoto shule.

Kisha maisha yakageuka. Pikapu za Ford za jamii ya F ndizo zimeongoza mauzo ya malori Marekani tangu mwaka 1977, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 zimekuwa zikiongoza hata kuliko magari madogo. Daktari ana pikapu, mwalimu ana pikapu, mchungaji ana pikapu yenye viti vya ngozi. Hati haikugeuka. Kuibadili kwa kawaida kunahitaji kura za wamiliki walio wengi sana, mara nyingi theluthi mbili au robo tatu ya wote, na kwenye mkutano wa chama huwa wanafika watu kumi na tano na sahani ya biskuti.

Hapo ndipo ugomvi unapohamia kwenye maana ya maneno, na ndipo mimi ningemshauri mtu atumie muda wake mwingi. Usiulize kama chama kinakataza pikapu. Uliza hati yako inataja nini hasa. Nyingine zinataja lori. Nyingine zinataja gari la biashara, kisha zinalieleza kwa maandishi ya mlangoni, au kwa vifaa vinavyoonekana, au kwa uzito. Nyingine zinaruhusu pikapu ya kubeba mzigo usiozidi robo tatu ya tani, na hapo pana mtego. Robo tatu ya tani ni jina la zamani la daraja la gari. Ford F-150 inaitwa ya nusu tani, F-250 ya robo tatu, F-350 ya tani moja. Hapo kale majina hayo yalilingana na mzigo halisi. Leo F-150 nyingi zinabeba paundi 1,500 na zaidi, yaani robo tatu ya tani ya Kimarekani au kuizidi, ilhali jina bado ni nusu tani. Mjumbe wa bodi anayesoma kibandiko cha mzigo mlangoni anaweza kukuandikia barua kwa gari ambalo hati inaliruhusu kwa jina. Mwenye gari naye anaweza kushinda kwa kuonyesha neno hilo lilitumikaje siku hati ilipoandikwa.

Mfano unaoonyesha vizuri neno linavyoweza kupinda ulitokea Frisco, hukohuko kaskazini ya Dallas, mwaka 2008. Mkazi mmoja alipewa onyo kwa kuegesha Ford F-150 mbele ya nyumba yake. Kanuni za chama chake zilikataza pikapu nyingi lakini ziliruhusu chache zilizohesabiwa kuwa za hadhi, ikiwamo Lincoln Mark LT. Lakini Mark LT imejengwa juu ya F-150 yenyewe: mifupa ileile, kampuni mama ileile, pua na vitambaa ndivyo tofauti. Nimeisimulia habari hii mara nyingi kwa watu wetu kwa sababu inaondoa pazia. Ikiwa hoja ni ukubwa wa gari, magari hayo mawili yanalingana. Ikiwa hoja ni kelele, zinalingana. Kilichobaki ni bei ya gari na sura ya anayedhaniwa kuliendesha.

Nisiwanyime wenye vyama haki yao, maana wana hoja. Nimewahi kuishi jirani na nyumba iliyokuwa na magari sita ya kazi, mawili yakiwa juu ya mawe, mafuta yanatiririka mpaka kwenye mtaro, na mama mwenye mtoto kwenye kigari hana pa kupita. Kuna watu waliochagua mtaa wenye masharti kwa sababu walichoshwa na hali kama hiyo, na wakalipia zaidi. Wao pia walisoma hati na kuiamini. Tatizo langu liko pale sharti la kuzuia uchafu na kuziba njia linapomkamata mtu ambaye gari lake ni safi, limeegeshwa ndani ya kiwanja chake, na kosa lake ni kwamba nyuma lina tela, yaani ile sehemu ya wazi ya kubebea mizigo, badala ya buti.

Mahakama zimejaribu kuipata mizani. California mwaka 1987, katika kesi ya Bernardo Villas, mahakama ya rufaa iliona kwamba kumkataza mtu kuegesha pikapu safi ya matumizi binafsi hakukuwa na busara. Wamiliki wa pikapu wakafurahi. Lakini mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya jimbo hilohilo, katika kesi ya Nahrstedt iliyohusu paka watatu, ikaweka kipimo kigumu zaidi: sharti lililosajiliwa kabla mtu hajanunua linachukuliwa kuwa halali, na anayelipinga ndiye mwenye kazi ya kuthibitisha kwamba ni la kionevu, au madhara yake yanazidi mno faida, au linagonga misingi ya sheria. Kwa hiyo kuna tofauti kubwa kati ya sharti lililomo kwenye hati ya kwanza na kanuni iliyotungwa na bodi Jumanne iliyopita. La kwanza lina mizizi. La pili ni rahisi kulitikisa, hasa kama hati haikuipa bodi mamlaka ya kulitunga.

Watu wengi huuliza: kwani katiba hailindi? Hapa inabidi kutenganisha chama na mji. Mji wa Coral Gables, Florida, ulikuwa na sheria ndogo iliyokataza pikapu kulala nje usiku. Hiyo ilikuwa sheria ya serikali. Mkazi mmoja aliyeandikiwa tiketi mwaka 2003 kwa ajili ya F-150 yake alikwenda mahakamani kwa hoja za kikatiba. Mwaka 2007 majaji watatu wa rufaa wakampa ushindi. Mwaka 2010 majaji wa mahakama hiyo wakakaa wote pamoja na kuupindua: mji una haki ya kulinda sura yake. Mwaka 2012 wapiga kura wa mji wenyewe wakailegeza sheria hiyo kwenye sanduku la kura. Sasa ona: dhidi ya mji ulikuwa na hoja ya katiba, na bado ilikuwa ngumu. Dhidi ya chama binafsi, katiba kwa kawaida haiingii kabisa, kwa kuwa mbele ya sheria uliyaridhia masharti mwenyewe. Dawa iliyobaki ni bunge la jimbo.

Florida ndiyo iliyokwenda mbali. Sheria iliyoanza kutumika Julai 1, 2024 inasema chama cha wamiliki hakiwezi kumkataza mwenye nyumba, mpangaji wake au mgeni wake kuegesha gari binafsi, pikapu ikiwemo kwa kutajwa jina, kwenye njia ya kuingilia ya nyumba yake au mahali popote anaporuhusiwa na sheria za jimbo, kaunti au mji. Ikaongeza jambo ambalo kwangu ndilo zito zaidi: hata gari la kazi lenye nembo na maandishi ya kampuni haliwezi kukatazwa kwenye njia hiyo, mradi lisiwe gari kubwa la biashara. Na gari kubwa la biashara likafafanuliwa kwa namba: uzito wa paundi 26,001 na zaidi, karibu tani 12, au ekseli tatu na kuendelea. Hakuna pikapu ya fundi inayofika huko.

Ila usishangilie kabla hujasoma vizuri. Sheria hiyo inahusu vyama vya nyumba za viwanja. Anayeishi kwenye kondo, yaani jengo la fleti zenye wamiliki mbalimbali, yuko chini ya sura nyingine ya sheria, na ulinzi huo haumfikii. Barabara za ndani ya mtaa wenye geti mara nyingi ni mali ya chama, kwa hiyo kuegesha kandokando yake ni suala tofauti na kuegesha kwenye zege lako. Kisha kuna mabishano ya wanasheria: katiba inazuia jimbo kuvunja mikataba iliyokwisha kufungwa, na hati ya mwaka 1985 ni mkataba. Katika Florida swali hilo kwa kawaida linaanza na maneno machache ndani ya hati, yaani kama iliandikwa kufuata sheria ya jimbo kama itakavyorekebishwa mara kwa mara. Maneno hayo yakiwemo, sheria mpya inaingia bila ubishi mkubwa. Yasipokuwemo, jiandae kubishana.

Arizona ilichukua njia yake. Huko chama hakiwezi kumzuia mfanyakazi wa dharura au wa shirika la huduma za umma kulala na gari la mwajiri ambalo analazimika kuwa nalo tayari, likiwa chini ya uzito uliowekwa, na vyama vilivyoanzishwa kuanzia mwaka 2015 havina mamlaka juu ya barabara za umma.

Turudi kwa fundi wetu wa Texas, kwa sababu sheria za Florida hazikumsaidia. Tulikaa kwenye meza ya jikoni, mkewe akatuletea chai ya tangawizi, tukafungua hati yenye kurasa sitini na nne aliyopewa siku ya kusaini, bado ikiwa kwenye bahasha. Shemeji ndiye aliyekipata kifungu. "Shemeji, ona hapa," akaniambia, kidole kikiwa kwenye ukurasa wa ishirini na tisa. Kifungu hakikutaja pikapu. Kilikataza gari la biashara, na gari la biashara kikalieleza kuwa ni lile lenye jina la biashara linaloonekana au lililobeba vifaa vya kazi vinavyoonekana.

Tukatoka nje kulitazama gari. Milangoni kulikuwa na vibandiko viwili vya sumaku vyenye jina la biashara yake na namba ya simu. Juu ya tela kulikuwa na fremu ya chuma na ngazi mbili zimefungwa kwa kamba. Basi. Gari lenyewe halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye vitu vinavyoondoleka kwa dakika tano.

Tulipoisoma sheria ya Texas tukaona jingine. Kabla chama hakijatoza faini kwa kosa la namna hii, kinatakiwa kutuma barua rasmi ya posta iliyosajiliwa, ikieleza kosa, ikimpa mwenye nyumba muda wa kutosha wa kulirekebisha, na ikimjulisha kwamba anaweza kuomba kusikilizwa ndani ya siku 30 tangu barua itumwe. Karatasi chini ya waipa haitimizi hayo. Na hofu iliyomnyima mkewe usingizi, kwamba watanyang'anywa nyumba, ikapata jibu: Texas inakataza chama kuipiga mnada nyumba kwa deni ambalo ni la faini tupu. Angalizo ni kwamba ada za mwaka ni habari nyingine. Hizo zisipolipwa, mnada unawezekana. Nimewaona watu wakigoma kulipa ada kwa hasira ya faini, wakajifungia mlango wenyewe.

Aliandika barua ya ukurasa mmoja, bila ukali. Alinukuu kifungu, akaambatisha picha ya gari likiwa halina vibandiko wala ngazi, akaomba wamwambie ni neno gani la hati ambalo gari hilo linalivunja. Aliomba pia kusikilizwa. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu: jalada limefungwa, hakuna faini.

Pikapu inalala palepale ilipokuwa inalala. Ngazi zimeingia ndani ya banda la gari, zimetundikwa ukutani. Kila jioni akirudi kazini anabandua vibandiko vyake viwili na kuvibandika kwenye mlango wa chuma wa banda, upande wa ndani, jina la biashara yake likitazama mashine ya kufulia na baiskeli za watoto. Alfajiri, kabla hajawasha gari, anavirudisha milangoni, na namba ya simu inaonekana tena barabarani.